Umetia bakteria na mitungule bado yanyauka: pa kuanzia kutafuta sababu

Masika yakikatika na jua la mwanzo wa kipupwe likaanza kuchoma, ndipo malalamiko yanapokuja. Mama mmoja wa Mtambile, Pemba, mwenye konde dogo la tungule (nyanya) nyuma ya nyumba yake, aliniambia: "Mwanangu, bakteria nimetia kama ulivyonifunza, na mitungule yangu yafa. Ile ni dawa au maji?" Nilikwenda kutazama. Dawa ilikuwa nzima. Ila alikuwa ameimwagia mitungule iliyokwisha kulala, siku ya tatu tangu majani ya kwanza kulegea. Nusu ya kosa lilikuwa langu: nilimwonesha namna ya kutia, sikumweleza kwa nini hutiwa mapema.

Haya nimeyaandika kwa ajili yake, na kwa kila anayelima tungule, bilingani, pilipili au matango Unguja na Pemba, akawa ametia bakteria wazuri wa udongo, wa kununua au waliomo kwenye mboji, na haoni alichokitarajia.

Kwanza ujue bakteria hawa hufanya nini

Wengi wetu tukisikia "dawa ya bakteria" tunafikiri ni kitu cha kuua ugonjwa. Wamo bakteria wanaopigana na kuvu ana kwa ana udongoni, kweli. Lakini faida kubwa ninayoizungumzia hapa ni nyengine: bakteria huuamsha mmea ujilinde wenyewe.

Mzizi humwaga sukari na asidi kwenye udongo unaoushikilia, na bakteria hukusanyika hapo kula. Mmea huwatambua wageni hao. Hutambua protini ya mkia wanaoogelea nao, iitwayo flajelini. Huhisi surfaktini, kitu cha mfano wa sabuni kinachotolewa na bakteria wa jenasi ya Bacillus. Hata harufu zao huzipata, kama ile ya butanedioli. Habari hupanda kutoka mzizini hadi majanini kwa njia za homoni mbili, asidi ya jasmoni na etilini. Likishaipata habari, jani halianzi kupigana. Hukaa tayari tu. Siku kuvu au kiwavi atakapogusa, ukuta wa seli huongezwa unene upesi mahali pale pale, na kemikali za kujikinga hutoka mapema na kwa wingi kuliko kwenye mmea ambao haukuamshwa.

Wazee husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu hii hulia kabla adui hajatia nanga. Watu husikia, huweka mapanga karibu na mlango, kisha huendelea na kazi zao.

Kuna jaribio moja la 1991 ambalo mimi nalipenda kwa jinsi lilivyo wazi. Uholanzi, watafiti waliweka bakteria aina ya Pseudomonas kwenye mizizi ya maua ya karnesheni, halafu kuvu wa Fusarium wakamtia kwenye shina, mbali na mizizi. Bakteria na kuvu hawakukutana kabisa. Ugonjwa ukapungua hata hivyo. Mwaka huo huo Marekani, matango yaliyotiwa bakteria tangu kwenye mbegu yalipata madoa machache zaidi ya ugonjwa wa majani, na bakteria wenyewe walikuwa chini kwenye mizizi. Kilichofika juu ni habari.

Kwa hiyo ukiwa shambani unatafuta kosa, uliza mambo mawili kabla ya yote. Mmea uliamshwa kabla ugonjwa haujaingia? Na ugonjwa wenyewe ni wa namna ambayo mmea ulioamka huweza kuuzuia? Dalili zifuatazo nimezipanga kwa jinsi ninavyozikuta, si kwa ukubwa wa madhara.

Mtungule umelala ghafla, majani bado kijani

Asubuhi ulikuwa mzima, adhuhuri umelegea kama uliomwagiwa maji ya moto, jioni unajaribu kuinuka, kesho hauinuki tena. Majani hayajapata hata muda wa kugeuka manjano. Huo shuku kuwa ni mnyauko bakteria, unaoletwa na Ralstonia solanacearum, nao hupenda joto na unyevu, yaani hali yetu hasa.

Uhakikishe kwa glasi. Kata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha ya chini iguse maji, na usitikise. Ukiona nyuzi nyeupe kama tui zinashuka taratibu kutoka kwenye kidonda ndani ya dakika chache, jibu umelipata. Hayo ni mabilioni ya bakteria wabaya wakitoka kwenye mishipa ya maji ya mmea.

Ikiwa nyuzi zimetoka, usipoteze dawa yako kwenye mmea huo. Mishipa imekwisha kuziba, na hakuna mbiu itakayoizibua. Ung'oe pamoja na udongo wa mizizi, uuchome au uufukie mbali na konde. Usiyaache maji ya kumwagilia yatiririke kutoka tuta hilo kwenda tuta jengine. Jembe lilioshe. Mahali hapo usirudishe tungule, bilingani, pilipili wala mbatata kwa misimu kadhaa. Tia mahindi, au mpunga kama ni bondeni. Mwenye ustadi anaweza kubebesha mtungule juu ya shina la bilingani lenye kuustahimili ugonjwa huu. Bakteria wazuri wana nafasi yao hapa, lakini nafasi hiyo ilikuwa kitaluni, wiki kadhaa nyuma.

Majani ya chini yanageuka manjano, mara nyingi upande mmoja

Huu huenda polepole. Tawi moja la manjano, jengine kijani. Glasi haitoi nyuzi. Pasua shina kwa urefu utazame: ukikuta mistari ya rangi ya kahawia chini ya ganda, ni mnyauko fuzari, wa kuvu.

Mnyauko fuzari ndio umetumika sana kupimia kinga hii, na ndio pia ninaouona ukipungua kwenye makonde ya watu waliotia bakteria mapema. Kama umeupata ingawa ulitia, rudi kwenye tarehe. Ulitia lini? Kama ni baada ya kuatika, miche yako huenda ilitoka kitaluni na kuvu tayari mizizini. Msimu ujao tia kwenye udongo wa kitalu, na siku ya kuatika tumbukiza mizizi kwenye maji yenye bakteria kabla ya kuiweka shimoni. Mbegu zisitoke kwenye tunda la mtungule uliougua.

Majani machanga ni manjano, mishipa yake ni kijani

Ukilima kwenye uwanda, kule kwenye udongo mwembamba juu ya jiwe la matumbawe, utaliona hili mara nyingi. Si ugonjwa. Chokaa ya jiwe huyafunga madini ya chuma, mmea ukakosa chuma ilhali kimo udongoni. Mtu huona manjano, hudhani fuzari, hutia dawa ya kuvu. Kumbe mmea una njaa.

Nikae hapa kidogo, maana kuna jambo la ajabu ambalo mkulima wa uwanda anastahili kulijua. Katika mmea mdogo wa maabara wa jamii ya kabichi, wanasayansi wamegundua kwamba swichi inayowashwa na mzizi wakati wa kutafuta chuma ni ile ile inayowashwa na bakteria wazuri wanapoiandaa kinga. Ikiwashwa, mzizi humwaga vitu viitwavyo kumarini, vinavyosaidia kukikomboa chuma. Kimojawapo, skopoletini, huwadhuru kuvu wa Fusarium, lakini bakteria wazuri hukistahimili. Yaani mzizi unapojitafutia chakula, papo hapo unawachagua wa kukaa nao.

Mtungule si kabichi, na sitasema kila kitu ni sawa sawa. Lakini dawa ya manjano haya naijua: mboji nyingi ndani ya shimo la kupandia, udongo mwekundu wa kinongo ukiweza kuupata wa kuchanganya, na usizidishe jivu, kwa sababu jivu huongeza uchokaa ambao tayari umezidi.

Mizizi ina mafundo

Ng'oa mmea mmoja uliodumaa, uoshe mizizi kwa upole. Mafundo ya minyoo fundo ni uvimbe wa mzizi wenyewe. Huwezi kuubandua bila kuukata mzizi. Usiyachanganye na vinundu vya kunde na njugu, ambavyo huning'inia pembeni, hubanduka kwa ukucha, na ukivipasua vina rangi ya waridi. Hivyo viache, ni vya heri. Vina bakteria wengine wanaoupa mmea nitrojeni.

Minyoo fundo hupenda kichanga. Mzizi uliotobolewa nao huwa mlango wa fuzari na wa mnyauko bakteria, kwa hiyo kinga iliyoandaliwa huvunjwa kutoka ndani. Weka kitalu juani, kifunike kwa plastiki angavu kwa wiki kadhaa wakati wa kaskazi kabla ya kusia mbegu, na bakteria watie baada ya hapo, si kabla.

Miche inakatika shingoni

Kinyausi. Kitalu kina maji mengi, miche imesongamana, kivuli kimezidi. Punguza vyote vitatu. Bakteria hawawezi kumsaidia mche uliooteshwa kwenye tope.

Majani yamejikunja juu kama kikombe

Hiki ni kirusi kinacholetwa na inzi weupe; bara wengi huuita rasta. Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu wauzaji wengine husema bakteria hutibu kila kitu. Kinga ya njia ya jasmoni na etilini huzuia baadhi ya wadudu watafunao na kuvu wengi wanaoua tishu, lakini si kila adui. Katika majaribio, kuna kirusi ambacho hakikuzuiliwa kabisa, na katika viwavi wa aina mbili waliojaribiwa kwenye mmea ule wa maabara wa jamii ya kabichi, mmoja alidhoofika na mwengine akaendelea kula kama kawaida. Kwa ugonjwa wa kujikunja, tegemea chandarua kwenye kitalu na kung'oa mche wa mwanzo kuonesha dalili.

Tunda likiwa na kitako cheusi kilichobonyea, hilo pia si la bakteria. Ni kalisiamu isiyofika tundani kwa sababu maji hupewa leo mengi, kesho hakuna.

"Nimetia, sioni tofauti yoyote"

Lalamiko hili ndilo ninalolisikia kuliko yote, na lina sababu nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Ya kwanza huwashangaza: huenda hakuna kosa lolote. Mmea ulioandaliwa hufanana na mwenzake mpaka siku atakapokuja adui. Haung'ari, haurefuki lazima, hauna alama. Kama msimu wako haukupata ugonjwa, utaona nini? Kwa hiyo usitie konde zima. Acha tuta moja bila bakteria, lingine tia, lingine acha, ukipishanisha hivyo, na uchomeke vijiti vya kukukumbusha. Mwisho wa msimu hesabu mitungule iliyokufa kila tuta. Bila ya tuta la kulinganishia unabahatisha tu, na ukibahatisha utaisifu dawa mbovu au utaitupa nzuri.

Ya pili: uliwatia wafu. Bakteria ni viumbe. Pseudomonas hana mbegu ya kujihifadhi. Akikauka au akipata joto kali, amekwisha. Bacillus hutengeneza spora ngumu, ndiyo maana unga wake huweza kukaa dukani. Lakini hata huo usiuweke kwenye banda la bati, wala usiuache kwenye dashibodi ya gari kutoka Mkoani hadi Konde, kusini hadi kaskazini mwa Pemba. Soma aina kwenye kifurushi, soma tarehe, tafuta chumba cha baridi. Mwenye mtungi wa udongo ndani ya nyumba anajua pahala pake penye ubaridi ni wapi.

Ya tatu: uliwatia wazima, ukawaua mwenyewe. Dawa ya kuvu yenye shaba huua bakteria pia, na watu wengi huchanganya kila kitu ndani ya bomba moja ili wapige mara moja. Achanisha siku, na bomba lioshwe. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache ndoo wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia. Maji ya kisima karibu na pwani yaonje: yakiwa ya magadi au ya chumvi, tafuta mengine ya kuchanganyia.

Ya nne: walikuwa wachache mno. Katika majaribio ya Uholanzi juu ya figili, yaliyochapishwa 1995, mmea ulipata kinga pale tu bakteria walipofikia takriban 100,000 kwa kila gramu ya mzizi. Pungufu ya hapo, mbiu ni kama inapigwa na mtoto ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana kutia kitaluni kuna nguvu: mzizi ni mdogo, dawa kidogo huujaza, na mzizi unapokua huwachukua pamoja. Kumwaga kiasi hicho hicho juu ya konde zima ni kuwatawanya.

Ya tano, na kwangu mimi hii ndiyo inayowaua wengi Unguja kusini na mashariki: udongo mtupu. Mchanga wa Paje au Makunduchi adhuhuri ya kaskazi hukufanya uruke ukiwa miguu peku. Hapo ndipo unapotaka kiumbe asiyeonekana aishi na kuzaana? Funika tuta kwa matandazo: majani ya mgomba, makuti yaliyooza, nyasi kavu. Tia jioni, mwagilia kabla na baada. Udongo ukae na unyevu wiki ya kwanza, usikauke na usizame.

Kuhusu matandazo, nina onyo moja. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba (nyuzi za kusokotea kamba), na mwani uliotupwa na maji, vina chumvi. Ni vitu vizuri sana, lakini vioshwe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, au viachwe nje vinyeshewe masika mazima kabla ya kusogezwa karibu na mche. Niliwahi kuona kitalu cha pilipili kilichoungua kingo za majani kwa mwani mbichi, na mwenyewe akailaumu dawa.

Ya sita ni mbolea. Mtungule uliolishwa urea kupita kiasi hutoa majani laini, mengi, yenye kuvutia kila mdudu, na hakuna kinga inayofidia ulaini huo. Punguza, gawa mara ndogo ndogo. Samadi mbichi nayo huunguza mizizi. Iache ipoe kabisa, mpaka ukitia mkono ndani ya lundo usihisi joto.

Ratiba ninayoifuata mwenyewe

Kitalu nakitia bakteria siku ya kusia, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifurushi. Siku ya kuatika, jioni, nachovya mizizi. Wiki mbili tatu baadaye nakoroga tena na kumimina shinani, siyo majanini. Baada ya hapo nawaachia wao na mboji.

Wanaojitengenezea maji ya mboji nyumbani nawaomba wayamimine kwenye udongo tu. Ndani yake hamna bakteria wazuri peke yao, na tungule za kachumbari huliwa mbichi.

Ukikwama

Usipige picha ya jani moja ukamtumia bwana shamba ukitarajia jibu. Ng'oa mmea mzima unaougua, si uliokufa, pamoja na mizizi na gao la udongo wake. Ufunge kwenye gazeti, siyo mfuko wa plastiki, kwa kuwa ndani ya plastiki huoza kabla haujafika. Chukua na mmoja mzima wa kulinganisha. Upeleke asubuhi kwa afisa wa kilimo wa wilaya yako, au kama uko Unguja, kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo Kizimbani. Kwenye karatasi andika umelima nini hapo misimu miwili iliyopita, maji unayotoa wapi, dawa zote ulizopiga, tarehe uliyotia bakteria, na tarehe ulipoona jani la kwanza limelegea.